Uwanja wa kiwanda cha pamba upande wa Myanga, na gunia la chokaa ambalo halikuwa chokaa

Wakuu, nawasalimu. Wa Kitale, wa Bungoma, na nyinyi mliopotelea Nairobi mnakuja nyumbani Disemba peke yake, hamjambo wote.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nacheka na nyuzi zenu, napita. Lakini juzi kuna member aliandika ati center zetu za viwanda vya zamani zimebaki magofu na mbuzi, hakuna cha mtu kujivunia. Hiyo maneno ilinikaa kooni siku nzima, nikashindwa hata kula vizuri.

Basi leo nimeandika. Haya nitakayosema mengine nimeyaona na mengine nimeyabeba kwa mikono. Ukiona nimeongeza chumvi, panda gari uende ukaangalie mwenyewe, uwanja haujahama.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni mama wa watoto, mzaliwa wa Bungoma, nimeolewa Kitale. Mimi na bwanangu tuna agrovet, duka la pembejeo na dawa za mifugo. Msiniulize ni ipi. Mkisoma mpaka chini mtaelewa kwa nini nanyamaza.

Nilizaliwa kwa kota za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba, center moja ya maduka machache si mbali na Myanga. Wakulima walileta pamba, mashine zikatoa mbegu, pamba ikafungwa marobota ikaenda na lori. Kiwanda kilifungwa nikiwa bado msichana wa shule. Mashine zikabebwa, mabati yakafuata, na siku hizi ukipita barabarani unaona bomba la moshi na ukuta mrefu basi. Hapo huyo member hakudanganya.

Lakini nyuma ya ukuta kuna uwanja.

Ngoja niwaambie kuhusu huo uwanja, na mniruhusu nijivune kidogo.

Siku ya mechi, king'ora cha kiwanda ndicho kilikuwa kipenga cha kwanza. Kikilia, center yote inafungwa. Mama wa mandazi anafunika karai, kinyozi anamwacha mtu na nusu ya kichwa.

Na watu walikuwa wanakalia nini? Marobota ya pamba. Yale yaliyokuwa yanangoja lori, wafanyakazi waliyasukuma mpaka kando ya uwanja wakayapanga mstari. Meneja alikuwa anapiga kelele kila Jumamosi kwamba mali ya kampuni inachafuliwa, halafu na yeye anatafuta robota lake anakaa. Niambieni, wakuu, ni stadium gani Kenya hii mtu wa kawaida alikalia kitu laini hivyo?

Halafu uwanja wenyewe umeinama. Unashuka kuelekea mtoni, si sana, lakini miguu inajua. Timu yetu siku zote iliomba kupanda mlima kipindi cha kwanza. Wageni walifikiri ni ushamba. Kipindi cha pili wakianza kupanda wao, mapafu yanakwisha, na sisi tunateremka nao kama maji. Kuna timu zilitoka Kitale mjini na basi lao na viatu vipya vinang'aa. Zilirudi kimya.

Baba yangu alicheza hiyo timu. Namba tatu, beki wa kushoto. (Nyinyi wa Nairobi mlioanza kucheka mkisikia beki tatu, hapa naongea mpira, si yaya wa nyumbani.) Watu walimwita Kufuli, na mpaka leo ukiuliza jina lake la kanisani hakuna anayelijua. Wiki nzima alikuwa kwa mashine ya kutoa mbegu, Jumamosi alifunga upande wa kushoto na hakuna mtu alipita.

Kiwanda kilipofungwa wenzake walitawanyika. Wengine walirudi mashambani, wengine tumewazika. Mzee alibaki pale pale kwa kota. Mama yangu alipofariki tukadhani sasa atatoka. Hakutoka. Akawa anafyeka ule uwanja peke yake, na hakuna mtu anacheza. Magoli ya chuma yalishachukuliwa na watu wa skrapu zamani, lakini yeye anafyeka tu.

Nilimjengea chumba Kitale. Sakafu ya simiti, dirisha linaangalia barabara, kitanda kipya. Goti lake ni bovu, anaishi peke yake, nikawa nalala na wasiwasi. Kila nikimwambia twende, jibu lilikuwa moja.

"Nasimiyu, siku watalima uwanja, ndio nitakuja."

Sasa mnielewe. Nilikuwa naupenda huo uwanja, lakini sikuwa nauombea maisha marefu sana.

Mwaka huu mvua ikiwa imeshika vizuri, mzee akapiga simu. Hakunisalimia hata.

"Kuja unichukue," akasema.

Nilikuwa nimengoja hayo maneno miaka mingi, na yalipokuja yakanikata maini. Hiyo haikuwa sauti ya baba yangu. Ilikuwa sauti ya mtu amekaa mahali na amechoka kusimama. Nikamwambia bwanangu washa pickup.

Tulipofika tukapata habari. Kuna jamaa wa trekta alikuwa anataka kukodi uwanja apande miwa. Nisimtukane, hakuwa mtu mbaya. Alituambia wazi: "Mama, mimi nimeona nyasi. Nikauliza ya nani, nikaambiwa haina mwenyewe." Na kwetu mnajua, shamba likikaa bila kulimwa mvua ikinyesha ni aibu, ni kama mtoto umemwacha bila kuoga. Watu wengi pale walikuwa upande wake.

Tukaenda kwa naibu wa chifu. Yeye ni mtu wa hapo hapo, anaongea kama sisi wa nyumbani.

"Mimi sina ubaya na mpila," akasema. "Lakini watu wa ardhi wa kaunti wanakuja kuangaria. Wakikuta uwanja, wataandika ni uwanja. Wakikuta nyasi, wataandika ni nyasi, na huyu atapanda miwa yake. Mimi nitafanya nini?"

"Wanakuja lini?" nikauliza.

"Wiki tatu hivi. Siku ya kazi."

Kutoka hapo nilimwangalia mzee akitembea mbele yetu kurudi kota, mguu mmoja anauvuta, mikono nyuma. Nikajua nikimpeleka Kitale hivyo, nitakuwa nimekipelekea kitanda mtu wa kulala tu. Mimi nilitaka baba yangu aje akiwa mzima, akigomba, akinikosoa chai. Nikamwambia bwanangu, huu uwanja utachezwa.

Tukapanga mechi Jumapili iliyofuata. Kitale tukatoa wanaume wa kanisa letu, watu wa vitambi na heshima zao. Pale nyumbani wakatoka vijana wa boda na watoto wa wale wachezaji wa zamani. Magoli hatukuwa nayo, kwa hivyo tukaazima miti ya blugamu kwa jirani mmoja anayejenga. Mpira tulinunua. Kilichobaki ni chokaa ya kuchora mistari.

Chokaa si shida kwetu. Udongo wa Trans-Nzoia ni mchungu, wakulima wanaimwaga shambani kuupunguza makali, na sisi tunaiuza. Baba Mercy, yaani bwanangu, akaingia stoo, akaona gunia limeandikwa chokaa, akalibeba akalitupa kwa pickup.

Hapa ndipo mtajua kwa nini sitaji jina la agrovet.

Mtu yeyote amewahi kuuza pembejeo huku kwetu anajua kwamba gunia halisemi kilicho ndani. Mkulima ananunua chokaa, anaimwaga, anaosha gunia, msimu unaofuata anarudi nalo anasema nipimie mbolea humu. Na sisi wenyewe tunatumia magunia hivyo hivyo, kutupa gunia zima ni dhambi. Sasa lile gunia mimi mwenyewe ndiye nililijaza. Nilipima CAN, mbolea ya kutopdress, ile ya kukuzia mahindi yakishaota, nikaiweka kando kwa ajili ya shamba letu la nyumbani. Bwanangu amezaliwa na wakulima waliotoka Central wakanunua shamba Trans-Nzoia, amekulia kwenye mbolea, na sijui ilikuwaje siku hiyo akaamua kusoma maandishi.

Jumapili asubuhi mimi nilibaki na akina mama tukipika chai. Mzee na bwanangu wakaenda kuchora. Mzee hakukubali mtu mwingine ashike mkebe wa kumwagia. Alikuja na kamba ya mkonge, na vigingi, na vipimo vyote viko kichwani.

Baadaye niliambiwa mazungumzo yalikuwa hivi.

Mzee: "Hii chokaa mbona iko na punje punje?"

Bwanangu: "Ni ya kisasa, mzee. Siku hizi wanaitengeneza hivyo ndio isipeperuke na upepo."

Mzee akaona haing'ai vizuri kwenye nyasi, akaongeza. Akaona bado, akaongeza. Gunia lote likaisha.

Mimi nafika na birika, naangalia chini. Niliokota punje moja nikaijua kabla sijaisugua. Nikamvuta bwanangu kando ya ukuta.

"Baba Mercy, umechora uwanja na topdress yangu."

Alimchungulia mzee juu ya bega langu. Halafu akasema polepole, "Usimwambie mzee."

Wakuu, mnajua bei ya CAN. Sitaitaja, mtalia. Nilitaka kumrukia mbele ya kanisa zima, lakini niliangalia mzee akiwa katikati ya uwanja anakunja kamba yake, shati amechomekea, kofia ameibana kwapani kama yuko mbele ya bendera. Nikameza hasira na chai pamoja.

Mechi ilichezwa. Matokeo sitataja kwa heshima ya kanisa letu, ila niseme kwamba wageni hawakuuliza kuhusu huo mteremko na sisi hatukuwaambia.

Watu walikuja, na walikuja wengi. Walitoka mpaka Myanga na boda, wajane wa wale wafanyakazi wakaja na leso zao wakakaa mstari ule ule marobota yalikuwa yanapangwa, bila mtu kuwaonyesha. Kabla ya kuanza, vijana walimwita mzee asimame mahali pake, kushoto nyuma. Wakampasia mpira mara moja. Aliutuliza na ule mguu mzima, akaurudisha sawa sawa, akatoka nje. Nililia na sikuficha.

Usiku huo ikanyesha mvua ya Bungoma. Asubuhi hakuna mstari hata mmoja, mbolea yote imeyeyuka. Yule jirani naye fundi wake alikuwa amefika, akaja kuchukua miti yake. Tukabaki na nyasi vile vile.

Jamaa wa trekta akapita akasimama. Akasema bila ubaya, "Mama, hata harusi hufanywa kwa shamba. Ikiisha, shamba haikuwi kanisa."

Nikarudi Kitale nikafua mapazia ya kile chumba. Tukaelewana na mzee kwamba siku watu wa ardhi wanakuja, sisi tutakuja na pickup tubebe vitu vyake siku hiyo hiyo, asione trekta ikiingia.

Wiki mbili na kitu zikapita. Niko dukani nauza dawa ya kupe, simu inalia.

"Nasimiyu, mistari imerudi."

Niliogopa, wakuu. Nilifikiri huzuni imeanza kumchanganya mzee.

"Mistari gani, papa?"

"Ya uwanja. Imerudi yenyewe. Na mbuzi zinaipenda, zinakula mistari zinaacha hizo nyasi zingine. Tangu jana sijakaa chini, nazifukuza tu."

Bwanangu alikuwa anasikiliza kando. Nilimwona ameanza kutabasamu, halafu akaweka kichwa kwa kaunta akacheka mpaka mteja akatoka.

Siku ya watu wa ardhi tulifika mapema. Barabara pale iko juu kidogo, ukisimama kwa pengo la ukuta unaona uwanja wote chini yako. Nilisimama hapo nikashika mdomo.

Nyasi zingine zilikuwa fupi, zimekaa manjano manjano za kuliwa na mifugo. Lakini kila mahali mzee alipitisha mkebe wake, nyasi zilikuwa nene, kijani ya kukolea, zimefika kwa vifundo vya miguu. Mistari ya pembeni, mabokisi mawili, kona zote nne, mpaka nukta za penalti. Duara la katikati limepinda kidogo upande mmoja, goti lilimsaliti hapo. Tungechora na chokaa tuliyotaka, mvua ingeifuta na hiyo ingekuwa mwisho wa habari. Sasa mvua ndiyo iliyoiotesha mistari.

Watu wa ardhi walikuwa wawili, na mkubwa alikuwa mama mmoja wa makamo amevaa gambuti za matopeni. Naibu wa chifu alikuwepo, jamaa wa trekta alikuwepo, na nusu ya center ilikuwepo pia bila kualikwa. Yule mama alisimama kwa pengo akaangalia kwa muda.

"Hii mistari mlichora na nini?" akauliza.

"Chokaa," mzee akasema, kwa uhakika wote.

Bwanangu akashikwa na kikohozi. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Yule mama akashuka, akainama, akang'oa jani moja akalizungusha kwa vidole. Akaniangalia mimi. Akaangalia pickup yetu vile imejaa vumbi la magunia.

"Mimi ni mtoto wa mkulima, nimetoka Naitiri," akasema. "Chokaa haifanyi nyasi hivi."

Hata naibu wa chifu aliacha kuchezea fimbo yake. Mimi nilijua tumekwisha, atasema ni ujanja wa kumdanganya.

"Ilikuwa CAN," nikasema. "Gunia zima. Tulikosea gunia."

"Gunia zima kwa uwanja?"

"Zima."

Akacheka kidogo, akageuka kwa jamaa wa trekta. "Wewe umelima maisha yako yote. Ushaona mtu anatopdress kitu hataki?"

Jamaa alitikisa kichwa. "Bana, hata miwa yangu haijawahi kula hivyo," akasema, na akaanza kucheka yeye mwenyewe.

Yule mama akazunguka uwanja wote kwa miguu, akifuata mistari, mwenzake akiandika. Walipomaliza akamwambia naibu wa chifu mbele yetu sote, "Hapa tumekuta uwanja. Na uchezwe basi."

Akina mama walipiga vigelegele. Mzee hakupiga chochote. Alikuwa amesimama ananiangalia mimi.

"Ilikuwa mbolea?" akaniuliza.

"Ndio, papa."

"Na mkaniacha nasema chokaa mbele ya watu?"

"Papa, tulikuwa tunaogopa."

Akafikiria. "Ndio maana mbuzi zilinisumbua hivyo," akasema, akaenda zake.

Sasa kumbukeni vile tulikuwa tumekubaliana, vitu vyake vilikuwa vimeshapakiwa asubuhi ile. Godoro, kiti, sufuria, sanduku, vyote juu ya pickup na kamba imefungwa. Nikamfuata nikamwambia, papa, uwanja sasa uko salama, twende upumzike, chumba kiko tayari. Mzee hakubishana. Alienda nyuma ya pickup akaanza kufungua fundo, polepole, na vile vidole vyake vimekauka.

"Uwanja ukiwa na watu unataka mtu wa kuuangalia kuliko ukiwa mtupu," akasema. "Hawa vijana watakuja na pikipiki juu ya nyasi. Mimi niende Kitale nikaangalie barabara?"

Sauti ilikuwa yake. Ile ya kugomba, ile niliyoikosa kwa simu. Nilisimama hapo na furaha na uchungu pamoja, halafu nikashika upande wa pili wa godoro nikamsaidia kulirudisha ndani.

Tulipoondoka alikuwa ameshashika fyekeo. Anafyeka katikati, mistari anaizunguka.

Funzo nililopata, wakuu. Nilikuwa nahesabu umri wa mzee na ubovu wa goti, nikasahau kuuliza anaishi kwa sababu gani. Mzazi wako akiwa na kitu kinachomwamsha asubuhi, fikiria mara mbili kabla ya kumng'oa, hata kama wewe unacho kitanda kizuri zaidi. Mimi siku hizi naenda kila baada ya wiki mbili na dawa ya goti, na nikifika hana muda na mimi. Nimejivunia watu wengi maishani, lakini huyo mzee amewapita.

La pili ni la wenye maduka: andika juu ya gunia kwa mkono wako. Bwanangu bado anasema yeye ndiye shujaa wa hii habari, na mimi namkumbusha mahindi yetu ya mwaka huu yanavyofanana naye, membamba na yanajisifu.

Nataka kusikia zenu. Kwenu kiwanda kilipofungwa, uwanja wake ulienda wapi? Nani alikuwa namba tatu wenu? Webuye, Kitale, popote ulipo, andika hapo chini na jina la utani la mchezaji, tutasoma wote.

Na kwa wenye kutaka kuja, mechi ni kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Ingia na pengo la ukuta, usikatize katikati. Ukikatiza na pikipiki utakutana na mzee mmoja anavuta mguu na anakuja haraka kuliko unavyodhani. Usimwambie unanijua, haitakusaidia.